Unauza mchanganyiko? Usiandike lupu 5 ndani ya lupu, fanya hivi

Posti ya leo ni ndefu kidogo, ila kama unauza kitu cha kuchanganya (unga wa lishe, mafuta ya nywele, masala ya chai, ubani) isome mpaka mwisho. Mimi ingenifaa mwaka jana.

Nauza unga wa lishe mtandaoni, niko Morogoro. Mahindi, mtama, ulezi, soya na karanga. Bei yangu ilikuwa 4,000 kwa kilo, mchanganyiko wowote. Hapo kwenye "wowote" ndipo nilipopigwa.

Mama mmoja akaniandikia inboksi: "Mdogo wangu, mimi niwekee soya na karanga nyingi, ulezi kidogo, mahindi na mtama sitaki." Nikamwambia sawa dada. Nikamtengenezea soya gramu 400, karanga 400, ulezi 200. Akapenda, akaleta na mashoga zake. Nikauza kilo 20 nikiwa na furaha kabisa. Mwisho wa mwezi hela ya mzigo haitoshi. Kukaa chini kupiga hesabu: malighafi peke yake ni 4,000, kusaga na mfuko 600. Kila kilo nilikuwa namuongezea mteja 600 kutoka mfukoni kwangu. Kilo 20, shilingi 12,000 imekwenda, na mimi najisifu biashara imechangamka.

Nikasema hapana. Nataka nijue michanganyiko YOTE inayowezekana na gharama ya kila mmoja, halafu nichague mwenyewe ya kuuza.

Kwanza elewa hesabu yenyewe

Mimi napima kwa gramu 100, kwa hiyo kilo moja ni vipimo 10. Swali ni moja: vipimo 10 nivigawe vipi kwa viungo 5, jumla ibaki 10?

Anza na kadogo. Viungo 3, vipimo 2. Andika kwa mkono: 2-0-0, 1-1-0, 1-0-1, 0-2-0, 0-1-1, 0-0-2. Ni 6, hakuna mwingine.

Kwa vingi, chukua maharage 10 na njiti 4, vipange mstari mmoja. Maharage ya kabla ya njiti ya kwanza ni mahindi, kati ya ya kwanza na ya pili ni mtama, hivyo hivyo mpaka karanga. Kila upangaji ni mchanganyiko mmoja. Nafasi ziko 14, unachagua 4 za kuweka njiti: 14 × 13 × 12 × 11, gawanya kwa 4 × 3 × 2 × 1. Jibu ni 1,001.

Elfu moja na moja! Kwa daftari huwezi. Hapo ndipo programu inapoingia.

Nilivyokosea mwanzoni

Mimi nimeishia kidato cha nne, Python nimejifunza kwa video kwenye simu. Nikaandika ninavyojua: lupu ya mahindi, ndani yake lupu ya mtama, ndani yake ya ulezi, ndani yake ya soya, ndani yake ya karanga. Kila moja inahesabu 0 mpaka 10, halafu naangalia kama jumla ni 10.

Inafanya kazi, siwadanganyi. Ila ina shida mbili. Ya kwanza, inajaribu 11 × 11 × 11 × 11 × 11, yaani mara 161,051, ili ipate hizo 1,001. Zingine zote inatupa. Ya pili ndiyo iliyonichosha: nikitaka kuongeza mchele, naongeza lupu ya sita. Mteja akisema hataki karanga, nafuta lupu moja na kupanga upya kila kitu. Siku moja nikasahau kuitoa kwenye jumla, nikapata majibu ya uongo.

Njia yenyewe

Badala ya lupu ndani ya lupu, unaandika fanksheni moja inayojiita yenyewe. Fikiria foleni ya watu watano na gunia moja. Wa kwanza anachukua vipimo anavyotaka, anampa mwenzake kilichobaki. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa mwisho hachagui, anabeba kilichobaki chote. Ndiyo maana jumla haiwezi kuzidi wala kupungua 10.

```
viungo = ["mahindi", "mtama", "ulezi", "soya", "karanga"]
bei    = [150, 200, 300, 350, 500]
chini  = [1, 1, 2, 2, 1]

def kagua(m):
    gharama = 0
    for i in range(len(m)):
        if m[i] < chini[i]:
            return
        gharama = gharama + m[i] * bei[i]
    if gharama <= 2750:
        print(m, gharama)

def gawa(i, baki, m):
    if i == len(viungo) - 1:
        kagua(m + [baki])
        return
    for k in range(baki + 1):
        gawa(i + 1, baki - k, m + [k])

gawa(0, 10, [])
```

Bei ni ya kipimo kimoja, yaani gramu 100, kwa niliyonunulia mimi. Weka ya kwako. "Chini" ni vipimo vya chini ninavyokubali kwa kila kiungo. "i" ni zamu ya nani kwenye foleni, "baki" ni vipimo vilivyobaki kwenye gunia, "m" ni waliyokwisha kuchukua wa mbele. Angalia ndani ya gawa: lupu ni moja tu, hata viungo vikiwa 8.

Huna kompyuta? Hata mimi sina. Natumia Pydroid 3 kwenye simu, na Google Colab kwenye brauza nayo inakubali. Ukinakili, chunga nafasi za mwanzo wa mistari, Python haisamehe hapo.

Majibu niliyopata

Nilitaka malighafi isizidi 2,750, maana nikiongeza 600 ya kusaga na mfuko nafika 3,350, na nikiuza 4,000 nabaki na 650. Kati ya 1,001, zilizopita ni 5 tu:

[1, 4, 2, 2, 1] 2750
[2, 3, 2, 2, 1] 2700
[3, 1, 3, 2, 1] 2750
[3, 2, 2, 2, 1] 2650
[4, 1, 2, 2, 1] 2600

Sasa hivi kwenye ukurasa wangu naweka hizo tano kwa 4,000. Anayetaka karanga nyingi namkaribisha vizuri, ila bei yake ni nyingine na naijua kabla sijamjibu. Yule mama nilimweleza ukweli, akaongeza hela na bado ni mteja wangu.

Mambo ya kuzingatia

1. Hakikisha kwanza. Weka viungo 3 na vipimo 2, kila "chini" iwe 0, uone kama unapata zile 6. Ukipata pungufu, usiamini hiyo 1,001.

2. Ukiongeza au kutoa kiungo, gusa orodha zote tatu za juu. Ukitoa karanga, toa na 500 yake na 1 yake. Ukisahau, bei zinaweza kuhamia kwa kiungo kisicho chake.

3. Usipunguze vipimo ovyo. Ukipima kwa gramu 50, kilo inakuwa vipimo 20 na michanganyiko inaruka hadi 10,626. Je, mizani yako na muda wako vinatosha?

4. Saizi na rangi ni hesabu nyingine. Kama unauza gauni saizi 3, rangi 4, mikono aina 2, hapo unazidisha tu: 24. Hii ya leo ni ya vitu ambavyo jumla yake haibadiliki.

5. Programu haijui chakula. Haijui kama soya imekaangwa kabla ya kusagwa, wala kama karanga zimeota ukungu wenye sumukuvu. Na mteja akikuambia mtoto wake anadhurika na karanga, kuzifuta kwenye orodha hakutoshi. Kama mashine imetoka kusaga karanga, masalia yanaingia kwenye unga wake. Mimi kwa mteja wa hivyo namwambia wazi kwamba nasaga mashine moja, kwa hiyo simuuzii. Hela yake naitaka, ila siwezi kulala.

Kesho kabla hujafungua inboksi, chukua bidhaa yako moja ya kuchanganya upige gharama ya mchanganyiko wake wa ghali kuliko yote. Ukikuta imezidi bei unayouzia, basi na wewe ulikuwa pamoja na mimi. Ukikwama kwenye programu, weka picha ya kosa lako kwenye komenti, tutaangalia pamoja.