Undugu wa Damu na Undugu wa Matendo katika Adili na Nduguze: Usomaji kutoka Carama, Bujumbura

Makala hii inafafanua namna riwaya ya kifantasia ya Shaaban Robert, Adili na Nduguze (1952), inavyolipima neno ndugu. Kwa msomaji wa Carama, kaskazini mwa Bujumbura, swali hili si la kitabuni tu. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwaacha watoto wengi wa Burundi mikononi mwa walezi wasiowazaa. Huko Ruyigi, Marguerite Barankitse aliwalea pamoja watoto wa Kihutu na wa Kitutsi. Mtoto aliyelelewa hivyo amwite nani ndugu?

Tuanze na lugha. Kirundi kina maneno ya undugu yanayobainisha jinsia na umri: mwanamume ana mushiki, mwanamke ana musaza, na wa jinsia moja hutofautishwa kwa mukuru, aliyetangulia kuzaliwa, na murumuna, aliyefuata. Neno ndugu halidai lolote kati ya hayo. Upana huo ndio unaoipa nguvu methali isemayo kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Hatudai kwamba Warundi hawajui undugu wa hiari. Tunachosema ni kwamba Kiswahili kimeuachia mlango katika neno lenyewe.

Shaaban Robert anaupitia mlango huo kwa msaada wa majini. Hasidi na Mwivu, ndugu wa damu wa Adili, wanamtosa baharini kwa sababu ya husuda. Anayemwokoa ni Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumnusuru. Asiye hata binadamu amemfaa kuliko waliofanana naye.

Hata hivyo, riwaya haiishii hapo. Huria anawageuza wakosaji kuwa manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Adili anatii kwa uchungu. Siri inapomfikia Mfalme Rai, Adili anaitwa kujieleza, naye anasimulia yote. Baada ya simulizi hiyo ndipo Rai anaingilia kati, adhabu ikaondolewa, na ndugu hao wakarudishiwa umbo lao. Jina la kitabu lilikwisha kuashiria hatima hiyo: kiambishi -ze katika nduguze, ambacho ni ufupisho wa zake, hakiwatupi hata wakiwa manyani.

Mafunzo mawili yanajitokeza. Kwanza, undugu wa matendo haufuti ule wa damu, unaupa kipimo. Pili, kupokelewa upya hakutokani na kunyamaza: kosa lilitajwa mbele ya watu, kisha likasamehewa.

Kwa hiyo, mwalimu wa Kiswahili nchini Burundi asikomee kwenye funzo la kwamba wivu ni mbaya. Awaulize wanafunzi ni nani katika kisa hiki anayestahili kuitwa ndugu, na kwa tendo gani. Darasani mwake huenda yumo aliyelelewa na asiyemzaa, akingoja kusikia kwamba lugha anayofundishwa ina neno linalomtosha.