Kubisha si Kubishana Tu

Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa maana ya neno "kubisha", aghalabu atataja maana mbili: kugonga mlango na kuikataa kauli ya mwenzake. Maana ya tatu, ambayo mabaharia wa Lamu huitumia kila upepo unapowakabili, haimjii kabisa. Chombo cha tanga kinachoelekea utokako upepo hakiwezi kuuendea moja kwa moja. Hulazimika kwenda mshazari, kisha kigeuke na kushika mshazari wa pili, hivyo hivyo hadi kifike. Huko ndiko kubisha.

Neno hilo nililielewa barabara nikiwa ndani ya mashua, tukirejea Lamu kutoka kisiwa cha Kiwayu mwezi wa Agosti. Wakati wa kwenda, upepo wa kusi ulitusukuma kwa nyuma, tukavipita visiwa vya Pate na Ndau bila taabu. Kurudi kulikuwa na kazi. Kila nahodha alipokigeuza chombo, mabaharia walihamisha foromali pamoja na tanga hadi upande wa pili wa mlingoti, nasi abiria tukahamia joshini, yaani upande utokako upepo, ili uzito wetu uizuie mashua isilale mno. Magunia ya mchanga yaliyokuwa farumi yalihamishwa pia. Ubao mrefu ukatokezwa nje ya ubavu, kijana mmoja akaukalia, miguu ikining'inia juu ya maji. Somo la wenzo ambalo mwalimu wa fizikia hulifundisha kwa rula na vijiwe lilikuwa pale, likituokoa tusipinduke!

Baina ya Manda na bara kuna mlango mwembamba wa bahari uitwao Mkanda, uliozungukwa na mikoko. Maji yakipwa, chombo huweza kukwama topeni. Nahodha wetu, mzee wa makamo mengi, aliupigia hesabu kwa mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana; ukiwa nusu, huwa maji mafu. Tena kujaa kwenyewe huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kila siku. "Mwalimu," aliniambia, "ukitaka kulala Mkanda na mbu, fuata saa ya ukutani."

Sisemi turudi nyuma. Wasafiri wengi wa visiwani siku hizi huvuka kwa mashua za injini, na ni haki yao. Mgonjwa wa Faza anayekimbizwa hospitali hawezi kungoja upepo. Linalonikera ni kwamba bahari imebaki kuwa msamiati wa kukariri kwa ajili ya mtihani. Tunafundisha kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hatumwambii mtoto kuwa mrama ni kule kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu. Tunafundisha "Tezi na omo, marejeo ni ngamani". Ni wangapi darasani wajuao kuwa tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini yanapokusanyika maji yavujayo, ambako baharia hana budi kurudi kuyakumba? Mwalimu wa Kitui au Kakamega ana udhuru wake. Wa Mombasa na Malindi je?

Mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ulitoweka katika karne ya 20, tukabaki na picha na vielelezo vya makumbusho. Mashua haijafikia hapo. Kijiji cha Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, kina sifa ya uundaji wa vyombo, na fundi anayetia kalfati hana siri. Ukimuuliza jina la kila ubao atakutajia.

Walimu wa Kiswahili, Jiografia na Fizikia wa shule za Pwani wangeweza kuungana, wakakodi mashua ya tanga siku moja kwa kidato kimoja, kila mwanafunzi na daftari lake. Nina sharti moja tu: jaketi za kujiokolea ziwe za kila mmoja, na safari isifanywe Juni wala Julai, kusi inapokuwa kali.