Karanga: Chakula cha Kujenga Mwili

Umekwisha kujifunza kwamba vyakula vyote hugawanyika katika makundi matatu. Kuna vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili, na vyakula vya kulinda mwili. Katika somo hili tutachunguza chakula kimoja kidogo ambacho kimo katika makundi zaidi ya moja. Chakula hicho ni karanga.

Kushiba na kulishwa vizuri

Ukisafiri kutoka mji wa Mbinga kuteremka hadi Mbamba Bay, utaona kwamba mashamba hubadilika njiani. Juu milimani Wamatengo hulima kahawa, mahindi na maharage. Katika miteremko mikali hutumia ngoro, yaani mashimo yanayozuia maji ya mvua yasichukue udongo. Chini, kandokando ya Ziwa Nyasa, watu hulima muhogo na mpunga, nao huvua samaki na dagaa.

Ugali wa mahindi au wa muhogo hushibisha. Lakini je, kushiba na kulishwa vizuri ni jambo moja? La. Mtoto aweza kushiba kila siku, na hata hivyo asikue. Uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye umri wa chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Maradhi ya mara kwa mara huweza kumdumaza mtoto. Chakula kisicho na vitu vyote vinavyohitajiwa na mwili humdumaza pia.

Kuna vitu gani ndani ya karanga?

Chunguza jedwali hili. Linaonyesha protini na mafuta yaliyomo katika gramu 100 za kila chakula. Hesabu hizi ni za kukadiria.

Karanga kavu: protini gramu 26, mafuta gramu 49
Maharage makavu: protini gramu 22, mafuta gramu 1
Mahindi makavu: protini gramu 9; mafuta gramu 4
Unga wa muhogo: protini gramu 2, mafuta chini ya gramu 1

Protini hujenga misuli, damu, ngozi na nywele. Ukufi mmoja wa karanga, yaani kiasi cha gramu 30, una protini ya gramu 8 hivi. Ili upate protini kiasi hicho kwa unga wa muhogo peke yake, ingekubidi kula gramu 400 za unga! Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, nayo huupa mwili nguvu nyingi. Aidha, karanga zina madini na vitamini.

Katika nchi kama Uturuki na Italia watu hula kokwa za mti uitwao hazeli. Gramu 100 za kokwa hizo zina mafuta ya gramu 61, lakini protini yake ni gramu 15 tu. Kwa hiyo karanga ya shambani kwetu huzishinda kwa protini.

Jaribio: Kuonyesha mafuta katika karanga

Vifaa: karanga chache zilizomenywa, kipande cha muhogo mkavu, karatasi mbili nyeupe, jiwe safi.

1. Weka karanga juu ya karatasi ya kwanza, kisha uziponde kwa jiwe.
2. Ponda muhogo mkavu juu ya karatasi ya pili.
3. Ondoa mabaki, ukaziache karatasi zote mbili juani kwa muda wa nusu saa.
4. Inua kila karatasi uitazame ikielekea kwenye mwanga.

Unaona nini? Karatasi ya kwanza ina doa linalopitisha mwanga. Doa la maji lingekauka juani, lakini doa la mafuta halikauki. Andika katika daftari lako yale uliyoyaona.

Mmea unaozika matunda yake

Karanga ni mmea wa jamii ya kunde, ndugu ya maharage na njugu mawe. Maua yake ni ya manjano, nayo huchanua juu ya ardhi. Ua likisha kunyauka, kikonyo chembamba hurefuka na kuingia udongoni, na huko ndiko ganda lenye mbegu linakokua. Kwa sababu hiyo karanga hupenda udongo tifutifu au wa kichanga, ambao kikonyo huweza kuupenya kwa urahisi.

Ng'oa mche mmoja taratibu uitazame mizizi yake. Utaona vinundu vidogo. Ndani yake huishi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuugawia mmea. Pasua kinundu kimoja. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria hao wanafanya kazi. Mabaki ya mmea yakiachwa yaoze shambani, hurutubisha udongo.

Mafunzo kutoka ng'ambo ya ziwa

Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa nchini Malawi walipatwa na ugonjwa wa pelagra. Ngozi zao zilibabuka mahali palipopigwa na jua. Wagonjwa walizidi 17,000. Chanzo kilikuwa nini? Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi, na mgao wa karanga ulikuwa umekatika. Karanga zina niasini, vitamini inayozuia pelagra. Mahindi yanayo pia, lakini mwili hauwezi kuipata kwa urahisi. Zilipokosekana karanga, ugonjwa ukaingia.

Nchini humo humo, kuanzia mwaka 2001, madaktari walianza kuwatibu watoto wenye utapiamlo mkali wakiwa nyumbani kwao. Waliwapa karanga zilizosagwa na kuchanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Watoto wengi walipona.

Miongoni mwa maradhi ya utapiamlo ni unyafuzi. Mtoto mwenye unyafuzi huvimba miguu na uso, nywele zake hubadilika rangi, naye hapendi kucheza. Usidhani kwamba amenenepa. Mwambie mzazi ampeleke kituo cha afya upesi, kwani uji wa karanga peke yake hautoshi kumponya.

Namna ya kula karanga

Karanga hazina vitamini A wala vitamini C. Protini yake nayo haijakamilika. Kwa hiyo yafaa tuzile pamoja na vyakula vingine. Kisamvu kilichoungwa kwa karanga, dagaa na ugali ni mlo mzuri. Uji wa mahindi wenye karanga zilizosagwa humfaa mtoto aliyekwisha kutimiza miezi 6. Mtoto mdogo asipewe karanga nzima, kwa maana huweza kumpalia. Watu wachache hudhurika wakila karanga. Hao hawana budi kuziacha kabisa.

Hatari ya ukungu

Karanga zisizokauka vizuri huota ukungu. Ukungu wa aina fulani hutoa sumu kuvu, ambayo huharibu ini na huweza kuleta saratani. Sumu hiyo huingia katika mahindi pia. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo.

Kumbuka mambo haya:

1. Anika karanga hadi zilie ndani ya maganda unapozitikisa.
2. Hifadhi magunia juu ya kichanja, mahali pakavu penye hewa.
3. Chambua na kutupa karanga zilizooza, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi.
4. Usizisage karanga mbovu pamoja na nzima ili kuficha ubovu wake. Kupika hakuondoi sumu kuvu. Wala usiwape kuku.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya kushiba na kulishwa vizuri.
2. Gramu 50 za karanga zina gramu ngapi za protini?
3. Kwa nini karanga hustawi katika udongo wa kichanga?
4. Kwa nini wakimbizi waliokula mahindi kila siku waliugua pelagra?
5. Andika vyakula vilivyoliwa nyumbani kwenu kwa siku tatu. Kila siku, vyakula vya kujenga mwili vilikuwa vipi? Kama kuna siku ambayo havikuwapo, ni chakula gani kinachopatikana kijijini kwenu kingeongezwa?