Mfupa wa Kifundo Unapokosa Damu

Pikipiki ikiteleza kati ya Sange na Luberizi, mashariki mwa Kongo, abiria hutanguliza kiganja chini ili kuokoa kichwa. Uzito wote hutua kwenye kifundo cha mkono. Mkono unavimba kidogo, vidole vinacheza, basi mtu anaambiwa ameteguka. Anachuliwa kwa mawese na kurudi shambani. Pengine ameteguka kweli. Pengine amevunjika skafoidi, mmoja wa mifupa 8 midogo ya kifundo, ule wa upande wa kidole gumba.

Mishipa inayolisha asilimia 70 hadi 80 ya mfupa huu huuingia mgongoni, upande unaoelekea vidole, kisha damu hurudi nyuma kuelekea kigasha. Mkulima wa mpunga wa Bonde la Ruzizi ataelewa upesi: mfereji ukikatika katikati, shamba la mwisho ndilo linalokauka. Skafoidi ikivunjika katikati yake au karibu na kigasha, kipande cha upande wa kigasha kinaweza kukosa damu, kisiunge, hatimaye kikafa. Kikibomoka, kifundo chote huanza kusagika.

Inauma kuona mkono wa kijana ukiharibika hivyo, kwa sababu dalili iko wazi. Nyoosha kidole gumba juu, utaona kishimo chini yake. Kubonyeza hapo kukiuma, kataa kuchuliwa. Eksirei ya siku ya kwanza huweza isionyeshe ufa. Ndiyo maana mkono hufungwa plasta ngumu, na picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Ufa ambao vipande vyake havijaachana mara nyingi huunga ndani ya plasta kwa wiki 8 hadi 12.

Aliyechelewa huhitaji upasuaji. Daktari hukwangua sehemu iliyokufa, hujaza mfupa uliotolewa kwenye nyonga au kigasha cha mgonjwa mwenyewe, kisha hukaza kwa skrubu ndogo isiyo na kichwa, aina ambayo Timothy Herbert wa Australia aliitangaza mwaka 1984. Damu ikiwa imekatika kabisa, kipande cha kigasha huchukuliwa kikiwa bado kimeshikana na mshipa wake, kikageuzwa na kupandikizwa kwenye skafoidi. Carlos Zaidemberg wa Argentina na wenzake walieleza njia hiyo mwaka 1991. Si wote wanaopona, na uvutaji wa sigara hupunguza uwezekano wa mfupa kuunga. Kifundo kikishasagika, hubaki kuondoa baadhi ya mifupa au kuigandisha pamoja: maumivu hupungua, lakini mkono haukunjiki kama zamani.

Jirani wa skafoidi, mfupa uitwao lunati, huweza kufa hata bila ajali inayokumbukwa. Robert Kienböck wa Vienna aliueleza ugonjwa huo mwaka 1910. Kwa baadhi ya wagonjwa, mfupa wa kigasha wa upande wa gumba hufupishwa milimita chache ili lunati isibanwe.

Upasuaji wa namna hii hudai bingwa wa mifupa, na kutoka Luberizi safari ya Bukavu au Goma ni ndefu, tena vita vimeifanya ngumu zaidi. Plasta ya mapema haidai bingwa. Anayeumwa kwenye kishimo kile aende Uvira wiki hii hii, na asitoke hospitalini kabla ya kupewa tarehe ya picha ya pili.