Nani amefungua daftari la SACCOS usiku?

KATI ya Aprili 14 na 25 mwaka 2024, wezi wa mtandaoni walichota kumbukumbu za simu za karibu wateja wote wa simu za mkononi wa kampuni ya AT&T ya Marekani, watu wapatao milioni 110. Hawakupata maneno yaliyozungumzwa, ila walijua namba gani ilipiga namba gani na mara ngapi. Kumbukumbu hizo zilikuwa zimehifadhiwa katika ghala la takwimu linaloendeshwa na kampuni ya Snowflake, na AT&T haikuwa peke yake. Kampuni ya Mandiant iliyochunguza wimbi hilo la wizi ilitangaza Juni 2024 kwamba mashirika takriban 165 yanayohifadhi takwimu zao humo yalikuwa hatarini.

Kilichowashangaza wengi ni njia iliyotumika. Hakuna ukuta uliobomolewa. Wezi waliingia kwa jina na neno la siri, kama anavyoingia mfanyakazi yeyote asubuhi. Baadhi ya maneno hayo ya siri yalikuwa yameibwa tangu mwaka 2020 na hakuna aliyejali kuyabadilisha. Wala hapakuwa na uthibitisho wa pili, ile namba ya muda inayosomwa kwenye simu.

Msomaji ambaye ni mwenyekiti wa SACCOS au meneja wa chama cha msingi cha mazao anaweza kusema hayo ni ya Wamarekani. Kwa ukubwa, ndiyo. Lakini aina ya ufunguo ni ile ile iliyoko ofisini kwake, na mara nyingi ulio ofisini kwake umezagaa zaidi.

Tuchukue SACCOS yenye wanachama 3,000. Madaftari yale makubwa yenye jalada gumu yamewekwa kabatini na kazi imehamia kwenye kompyuta. Ndani ya seva kuna kanzidata, yaani majedwali yanayohusiana: jedwali la wanachama, la hisa, la akiba, la mikopo na la marejesho, yote yakiunganishwa na namba ya mwanachama. Mpango huu wa majedwali uliasisiwa na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, katika makala aliyoichapisha mwaka 1970. Ndio unaofuatwa hadi leo na programu kama PostgreSQL, MySQL, SQL Server na Oracle, ambazo zimebeba sehemu kubwa ya hesabu za mabenki na vyama duniani.

Mlango wa pili

Keshia anapoingia kazini hufungua programu ya fedha kwa jina lake. Akipokea marejesho ya mkopo, programu inaandika jina lake, saa na kiasi. Mkaguzi akija anaona kila kitu kimepangwa na anaridhika.

Asichokiona mkaguzi ni kwamba kanzidata yenyewe haimfahamu keshia huyo. Programu ya fedha huingia kwenye kanzidata kwa jina moja tu, kwa niaba ya makeshia wote. Halafu upo mlango mwingine, wa chini, ambao hautumii programu ya fedha kabisa. Fundi wa kompyuta hufungua kanzidata moja kwa moja na kuandika amri. Amri ya mstari mmoja inatosha kugeuza salio la Sh340,000 kuwa Sh3,400,000. Katika taarifa za programu ya fedha hakitaonekana kitu, kwa kuwa programu haikuhusika.

Ni nani wenye ufunguo wa mlango huo? Yupo kijana wa kompyuta aliyeajiriwa. Yupo aliyekuwa kabla yake, ambaye sasa yuko kampuni nyingine. Ipo kampuni iliyouza mfumo, pamoja na mafundi wake wote waliowahi kupita. Yupo mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo miezi miwili na kupewa neno la siri ili asaidie kutoa ripoti. Wote wanatumia jina moja: "postgres" kama kanzidata ni PostgreSQL, "root" kama ni MySQL, au "sa" kama ni SQL Server. Bodi ikiuliza nani alibadili salio Jumamosi saa nne usiku, jibu la kumbukumbu litakuwa ni "postgres". Huyo hawezi kuitwa kwenye kikao.

Tusidhani pia kwamba hatari ni wezi pekee. Januari 31, 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab, akihangaika usiku kurekebisha seva ya pili ya kanzidata, alifuta mafaili ya seva ya kwanza iliyokuwa ikihudumia wateja. Alidhani yuko kwenye ile nyingine. Takriban saa sita za kazi za wateja zilipotea, na kampuni, kwa heshima yake, ilieleza mambo yote hadharani. Mtu huyo alikuwa mwaminifu na alikuwa na ruhusa. Tatizo la ruhusa isiyo na mipaka ni kwamba inasubiri tu siku ambayo mwenye nayo amechoka.

Lango moja

Dawa inayotumiwa sasa na makampuni mengi ni kuiunganisha kanzidata na lango kuu la ruhusa. Ni mfumo mmoja unaosimama mbele ya seva na kanzidata zote, ukimtambua kila mtu kwa jina lake kabla hajagusa chochote. Ipo mifumo kadhaa. Vault ya kampuni ya HashiCorp ilitoka mwaka 2015. Teleport ilianza mwaka 2016 ikilinda seva, na mwaka 2021 ikaongezewa uwezo wa kulinda kanzidata. Tuangalie jinsi PostgreSQL inavyounganishwa na lango la namna ya Teleport, maana mifumo mingine hupishana nayo kwa mengi madogo lakini wazo ni moja.

Kwanza huwekwa wakala, programu ndogo inayokaa jirani na kanzidata. Wakala huyu ndiye anayepiga hodi langoni, kutoka ndani kwenda nje. Faida yake ni kubwa: ile namba ya mlango ya PostgreSQL, 5432, haihitaji tena kuachwa wazi kwenye intaneti ili fundi aliye mkoa mwingine aweze kufanya kazi.

Pili, kanzidata hufundishwa kuliamini lango. Hupewa cheti cha lango, nayo huambiwa kwamba mtu yeyote anayekuja na cheti kilichosainiwa na lango hilo apokelewe bila kuulizwa neno la siri. Kwenye PostgreSQL kazi hii hufanyika katika mafaili mawili. Moja huwasha mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, na jingine, liitwalo pg_hba.conf, ni orodha ya mlinzi: nani aingie, akitokea wapi, kwa uthibitisho gani.

Tatu ni majukumu, na hapa ndipo bodi inapopaswa kuketi na fundi badala ya kumwachia peke yake. Mhasibu asome marejesho lakini asiyabadili. Fundi aweze kuongeza jedwali lakini asiguse salio la mtu. Mkaguzi wa nje apewe kusoma kwa wiki mbili za ukaguzi kisha ruhusa ife yenyewe. Ieleweke kwamba lango linaamua nani anaruhusiwa kuvaa kofia ipi. Kofia hiyo inaweza kufanya nini huamuliwa ndani ya kanzidata kwa amri za kutoa ruhusa. Ukiweka lango zuri kisha ukampa kila mtu kofia ya "postgres", umenunua geti la chuma na kuliegesha kwenye uzio wa makuti.

Baada ya hapo, fundi akitaka kufanya kazi huingia langoni kwa jina lake na uthibitisho wa pili wa simu. Lango humpa cheti cha muda. Kwa kawaida cha Teleport huishi saa 12. Vault hufanya tofauti kidogo: hutengeneza jina jipya ndani ya kanzidata kwa ajili ya kazi hiyo na kulifuta muda ukiisha. Kwa wanaotumia kanzidata za Amazon, tiketi ya kuingilia kwa njia yao ya utambulisho hudumu dakika 15. Mwizi akiipata kesho ameokota tiketi ya basi la jana.

Na kila amri iliyopita langoni huandikwa pamoja na jina halisi la mtu, saa na kanzidata aliyoifungua. Swali la Jumamosi usiku sasa lina jibu.

Mlango wa nyuma usisahaulike

Kazi ya kuunganisha ikishaisha, wengi hufurahi na kuishia hapo. Lango linafanya kazi, mafundi wanalipita, lakini neno la siri la zamani bado linafungua. Orodha ya mlinzi wa PostgreSQL husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana na mgeni ndio unaotumika. Kama mstari wa zamani unaokubali neno la siri umebaki juu ya ule unaodai cheti, lango ni pambo. Mistari hiyo iondolewe, na maneno ya siri ya zamani yabadilishwe siku hiyo hiyo.

Kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ililijua hili Mei 2021. Waliofunga kompyuta zake waliingia kupitia akaunti ya zamani ya kuunganishwa kutoka mbali, ambayo ilikuwa haitumiki tena na haikuwa na uthibitisho wa pili. Mkuu wa kampuni, Joseph Blount, alilieleza Bunge la Seneti hivyo Juni mwaka huo. Bomba la mafuta lilisimama kwa siku kadhaa na kampuni ikalipa kikombozi cha bitcoin 75, karibu dola milioni 4.4.

Programu ya fedha nayo ina jina lake ndani ya kanzidata, na hilo haliwezi kuondolewa kwani ndilo linalowahudumia makeshia. Liruhusiwe kutoka kwenye anwani ya seva ya programu pekee, na neno lake la siri wasilijue mafundi.

Lango lenyewe ni kitu cha kulindwa kuliko vyote. Septemba 2022 mtu aliyeivamia kampuni ya Uber alidai kwamba alikuta, ndani ya faili la amri lililoachwa kwenye mtandao wa kampuni, neno la siri la msimamizi wa mfumo unaotunza funguo nyingine zote. Ukikusanya funguo mahali pamoja, jua umemrahisishia kazi na mwizi pia, endapo atafika hapo.

Kwa mazingira yetu kuna mawili ya kuongeza. Vyeti vya muda hutegemea saa sahihi. Seva ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi na tarehe ya miaka iliyopita kila umeme unapokatika, na vyeti vyote vitakataliwa. Betri hiyo ni bei ndogo, ibadilishwe. Pia intaneti ikikatika au lango likilala, lazima iwepo njia ya dharura: akaunti moja, neno lake refu liandikwe kwenye karatasi, liwekwe kwenye bahasha iliyotiwa lakiri ndani ya sefu, na ifunguliwe na watu wawili. Ikishafunguliwa neno libadilishwe.

Gharama si kisingizio kikubwa kama inavyosemwa. PostgreSQL haina malipo, na baadhi ya malango yana toleo la bure, ingawa masharti hubadilika. HashiCorp ilibadili leseni ya Vault Agosti 2023, na waliotaka kubaki na programu huria wakaanzisha tawi lake liitwalo OpenBao. Soma leseni kabla ya kufunga. Kwa upande wa sheria, tangu Mei 1, 2023 inatumika nchini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume na azilinde. Majina, namba za simu na za vitambulisho vya wanachama 3,000 ni taarifa za namna hiyo hasa.

Wapo mafundi watakaonuna. Waliozoea kuingia moja kwa moja wataona wanashukiwa. Meneja awaeleze kwamba siku fedha zikipotea, fundi mwenye kumbukumbu zenye jina lake ndiye wa kwanza kujisafisha. Kisha kumbukumbu hizo za lango zihifadhiwe kwenye mashine nyingine ambayo fundi wa seva hana ruhusa ya kuifuta, na mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi apangiwe siku ya kuzisoma kila mwezi, akianza na zile za usiku na za mwisho wa wiki.