Sura ya Nne: Kabla ya Rangi

Ukimshika mwanajeshi wa milimita 28 kwa mara ya kwanza, macho hukimbilia uso na bunduki. Mgeuze umtazame ubavuni. Utaona mstari mwembamba unaopanda kutoka kiatuni, ukapita pajani na kwapani hadi juu ya kofia. Hapo ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ukiuacha, rangi haitauficha. Itauonyesha zaidi, kwa sababu rangi iliyozimuliwa hujikusanya kwenye kila ukingo. Ndiyo maana sura hii haina rangi hata tone. Kwangu mimi, kazi ya sanamu hizi hufanikiwa au kuharibika kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Tunaandaa kikosi kimoja tu, cha Vita vya Kwanza vya Dunia jinsi vilivyopiganwa katika kaunti yetu. Mwaka 1913 H. G. Wells alichapisha kitabu chake cha kanuni za vita vya mezani, Little Wars. Agosti ya mwaka uliofuata Wajerumani walikuwa wameshaikalia Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya Afrika Kusini, ngeni kabisa katika vichaka hivi, ilikishambulia kilima cha Salaita ikarudishwa nyuma, na Wabaluchi wa kikosi cha 130 kutoka India wakawazuia Wajerumani wakati wenzao wakirudi. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts alikizunguka kilima kile, Wajerumani wakakiacha, na mapigano yakahamia Latema na Reata. Meza yetu itakuwa Salaita.

Vifaa vingi utavipata mjini Voi, katika duka la hadiwea na la vitabu. Sanamu zenyewe ndizo huagizwa mbali. Kuzitoa kwenye fremu ya plastiki, mkasi mzuri wa kucha unatosha. Usikate ukiwa umebana mwili wa sanamu. Acha kijisehemu kidogo, kisha ukimalize kwa tupa. Ule mstari wa kalibu haukatwi, unakwanguliwa. Simamisha ubapa wa kisu kidogo chenye makali mapya, uuvute taratibu kama unavyopaa samaki magamba. Sauti itakuambia: pakikwaruza bado pana ukingo, pakinyamaza pamekuwa laini. Malizia kwa msasa laini uliokunjwa. Kofia ndiyo inayotaka subira kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu mchezaji huziona sanamu kutoka juu, na ni kwa kofia atakapomtambua askari wa King's African Rifles wa Mwingereza na yule wa Mjerumani.

Kama sanamu ni ya utomvu, kwangua na usugue ikiwa imelowa maji, kwa maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Sanamu kuukuu za madini huenda zina risasi: usizifanyie kazi kwenye meza ya chakula, na unawe mikono ukimaliza. Kisha zioshe zote kwa sabuni ya vyombo na brashi ya meno ya zamani, kwa sababu mafuta ya kalibuni hayaonekani lakini huikataa rangi.

Gundi hazilingani. Gundi ya plastiki huyeyusha kidogo pande zote mbili, zikashikana zikawa kitu kimoja, lakini kwa madini na utomvu haifanyi lolote. Huko utahitaji supa gluu, tone dogo. Tone kubwa huchelewa kukauka na huacha ukungu mweupe. Mkono wa madini unaoanguka kila mara utoboe kwa keekee ya mkono yenye ncha ya milimita moja, uingize kipande cha waya wa klipu ya karatasi. Haung'oki tena.

Mwaka wa kwanza nilipuliza andakoti ya kopo uani, mchana wa Agosti. Mkaazi wa Voi angepaswa kujua. Joto liliikausha rangi hewani kabla haijafika, na upepo ukaleta vumbi jekundu. Askari ishirini waliota chunusi, na nikakwangua upya siku nne. Tangu hapo andakoti ninaipaka alfajiri, upepo ukiwa umelala, na mara nyingi kwa brashi, tabaka mbili nyembamba.

Vumbi lilelile ndilo mali yetu. Kitako ninachokipenda ni washa ya chuma ya milimita 25, nzito kiasi cha kuifanya sanamu isianguke meza ikiguswa. Ziba tundu kwa gamba la karatasi, paka gundi nyeupe ya seremala, nyunyiza mchanga. Uchekeche kwanza, kisha uukaange katika sufuria kuukuu hadi ukauke na wadudu wafe. Mchanga mwekundu wa Voi unafaa kwa njia ya Maktau. Ukikaribia Taveta, changanya udongo mweusi zaidi, kwa kuwa kule ardhi ni ya volkano. Nyasi kavu usizinunue. Kata nyuzi za katani vipande vya milimita sita, shika vichache kwa kibanio, chovya ncha kwenye gundi, simamisha. Tuna mashamba ya mkonge Mwatate, na kipande kimoja cha kamba kinatosha kikosi kizima. Pamba nayo weka akiba: kampuni nyingi za Wajerumani ziliingia vitani na bunduki za Mauser za mwaka 1871, na baruti yake ilitoa moshi uliomfichua mpigaji.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Makaburi ya vita ya Voi yanatunzwa vizuri, na humo amelala Luteni Dartnell, aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 baada ya kukataa kuwaacha majeruhi. Lakini wapagazi waliolibebea jeshi mizigo, wengi wao hawana kaburi lenye jina. Hesabu ya serikali ya kikoloni yenyewe ilipita wapagazi 40,000 waliokufa, na kumbukumbu yao imebaki katika majina ya mitaa, Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Katika pakiti za sanamu ni nadra kuwakuta. Kwa hiyo tuwatengeneze.

Chagua askari anayetembea. Kata bunduki yake yote, kwangua mikanda na viatu, kwa maana wengi walikwenda pekupeku. Mkono mmoja utenganishe begani, uupandishe, uushikishe kwa waya. Nunua epoksi ya sehemu mbili ya kuzibia matangi, ukande sehemu sawa hadi rangi zichanganyike kabisa. Una nusu saa hivi kabla haijakaza. Lowesha vidole ili isinate. Finyanga mzigo upana wa bega, uubonyeze kichwani hadi ukalie vizuri, kisha kwa sindano chora kamba zinazoufunga na ukunje pembe za gunia. Inamisha shingo kidogo mbele kabla epoksi haijakauka: mzigo wa kilo ishirini na zaidi hauachi shingo wima. Mlaze chali juu ya sifongo hadi kesho, mkono wake ukiwa juu ya mzigo.