Madoa ya Rangi Katika Vioo vya Zamani vya Kompyuta

Askari aliyewahi kukaa zamu mbele ya kompyuta ya zamani, ile yenye kioo kizito chenye kisogo kirefu, huenda amekwisha kuiona ajabu hii: pembeni mwa kioo hutokea doa la zambarau au la kijani, nalo halifutiki kwa kitambaa wala kwa sabuni. Wengi hudhani kwamba kioo kimeungua. Hufutwa katika daftari la vifaa kikatupwa ghalani, hali kifaa chenyewe ni kizima. Viwanda vikubwa vimekwisha kuacha kutengeneza vioo vya namna hiyo, kwa hiyo kila kinachotupwa bure ni vigumu kupatiwa badala yake. Na doa lile, mara nyingi, si kitu ila ni sumaku.

Ndani ya shingo ya kioo mna bunduki tatu. Wataalamu wenyewe huziita bunduki, jina ambalo halitawashangaza wasomaji wa ukurasa huu. Kila moja hufyatua elektroni kwa ajili ya rangi yake: nyekundu, kijani, na buluu. Nyuma ya uso wa kioo limetandazwa bamba jembamba la chuma lenye matundu maelfu kwa maelfu, na elektroni hupenya katika matundu hayo ili kugonga nukta za rangi zilizopakwa mbele yake. Bamba hilo likishikwa na usumaku, elektroni hupindishwa njiani. Ile iliyokusudiwa nukta nyekundu huangukia ya kijani. Bunduki ni nzima, lakini shabaha imepotea.

Usumaku huo huletwa na vitu vya kawaida: kipaza sauti kilichowekwa karibu mno, mota ya feni, au sumaku ya kuchezea. Hata dunia yenyewe ni sumaku. Katika Ulaya ya kaskazini nguvu yake huzama ardhini kwa wima mkali, bali katika nchi zetu za Afrika Mashariki hulala zaidi na kuelekea upande mwingine. Kwa sababu hiyo viwanda vilikuwa vikitengeneza vioo vya kaskazini, vya kusini na vya maeneo ya ikweta mbalimbali. Kioo kilichorekebishwa kwa ajili ya Ulaya kikiletwa huku huweza kuonyesha rangi zisizo safi, bila ya kosa la mtu yeyote.

Kazi ya kuondoa usumaku ina jina la kigeni lililotungwa na wanamaji wa Uingereza. Mwishoni mwa mwaka 1939 Wajerumani walitega baharini mabomu ambayo hayakungoja kuguswa. Sumaku ya chuma cha meli iliyopita juu yake ilitosha kuyalipua. Usiku wa tarehe 22 Novemba ndege yao iliangusha mabomu ya aina hiyo kwenye tope la Shoeburyness, penye mlango wa mto Thames, na maji yalipokupwa yakaonekana. Kesho yake Luteni-Kamanda John Ouvry, pamoja na wenzake, alitegua bomu moja kwa vifaa visivyoshikwa na sumaku. Hapo siri ikafichuka. Meli zikazungushiwa nyaya za umeme za kupinga sumaku ya chuma chake, na nyingine zikapanguswa ubavuni kwa waya mnene. Charles Goodeve, mmoja wa wakuu wa kazi hiyo, aliita jina lake kutokana na Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani aliyeishi tangu 1777 hadi 1855. Silaha ya Mjerumani ikashindwa kwa kazi yenye jina la Mjerumani!

Kioo cha kompyuta hakihitaji sumaku ya kupingana nayo, bali hutikiswa kwa sumaku inayogeuka upande mara nyingi kwa sekunde, kisha ikafifia polepole mpaka kwisha. Vioo vingi vya rangi vina waya wa kazi hiyo ndani yake. Ule mvumo mfupi unaosikika kioo kinapowashwa ndio kazi yenyewe. Ila kuna kifaa kidogo ambacho hupata moto na kuukata umeme huo, na kisipopoa hakifanyi kazi tena. Basi kuzima na kuwasha kwa papara hakufai kitu. Zima, ngoja nusu saa, kisha washa.

Doa likikaidi, hutumika duara la waya lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Ondoa kwanza dira, saa, kanda na disketi zote. Washa kioo, kisha washa duara ukiwa mbali, lisogeze mpaka karibu na uso wa kioo, ulizungushe taratibu. Rangi zitacheza vibaya sana, usishtuke. Sasa rudi nyuma pole pole mpaka mita mbili hivi, ugeuze duara ubavu, ndipo uzime. Mwenye kuzima akiwa karibu huacha doa kubwa kuliko la kwanza, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi.

Hakuna sababu ya kufungua kasha. Kioo cha rangi huendeshwa kwa volti 25,000 hivi, na umeme huo huweza kubaki ndani hata baada ya kung'olewa waya ukutani.

Kabla ya yote, geuza kioo kielekee upande mwingine wa chumba. Doa likihama au likibadilika, adui yuko nje, naye hutafutwa hata nyuma ya ukuta. Lisipobadilika, usumaku umo katika bamba. Na kioo kilichoanguka, ambacho doa lake haliondoki kwa njia yoyote, huenda bamba lake limepinda; hicho hakina dawa.